Daraja Limekwisha, Je, na Kamanga Iishe?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limekuwa likizungumzwa sana hapa Kamanga, bwenini, gatini na majumbani, tangu lilipofunguliwa lile daraja kubwa la Kigongo na Busisi. Wako wasemao kwamba habari ya kivuko sasa imekwisha, na ya kuwa mji wa Mwanza hauna haja tena ya kuitazama ng'ambo hii. Mimi sikubaliani nao. Nawaomba waheshimiwa walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu wanisikilize kwanza kabla ya kuniita mpinga maendeleo.

Yafaa tuanze kwa kulipa daraja heshima yake. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais John Magufuli mwezi wa Desemba 2019. Kazi ikaanza mwaka uliofuata. Na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalifungua. Mwenye kuliwazia hakujaliwa kuliona limekwisha, kwa maana alifariki Machi 2021, lakini jina lake ndilo lililoandikwa juu yake. Urefu wake ni kilometa 3, upana wake ni zaidi ya mita 28, na gharama yake ilipita shilingi bilioni 700. Katika Afrika ya Mashariki yote hapana daraja jingine la kuvuka maji lenye urefu kama huo. Nani asiyejua taabu iliyokuwapo pale zamani? Malori ya Geita na mabasi ya Bukoba yalipanga msururu, abiria wakashuka wakanyosha miguu, saa ikapita, na pengine ya pili. Mgonjwa aliyetoka Sengerema usiku kwenda hospitali ya Bugando alikuwa mikononi mwa Mungu na mwa nahodha. Leo gari lapita kwa dakika chache tu, usiku na mchana. Daraja halilali, wala halingoji fundi wa mitambo. Kwa hayo sina neno ila shukrani.

Lakini hebu tutazame ramani. Ghuba ya Mwanza imeingia nchi kavu kama kidole kirefu kuelekea kusini. Mji uko upande wa mashariki karibu na mdomo wa ghuba. Kamanga iko upande wa magharibi, ikiukabili mji uso kwa uso, hata mawe yake na majumba ya vilimani twayaona vizuri jua likiwa nyuma yetu. Daraja nalo liko mbali kusini, yapata kilometa 30 kutoka mjini. Basi mtu wa Kamanga akitaka kwenda sokoni Mwanza kwa njia ya daraja, hana budi kwanza aupe mji mgongo, ashike njia ya Sengerema na Busisi, avuke, aje Usagara, kisha Buhongwa, Mkolani, Nyegezi na Mkuyuni, ndipo afike mahali ambapo alikuwa akipaona tangu asubuhi kutoka mlangoni kwake.

Kwa mwenye gari lake mwenyewe hilo si jambo kubwa. Lakini sisi wa huku wengi si watu wa magari. Mfikirie mama mwenye tenga la nyanya au beseni la dagaa. Kwa njia ya maji hupanda kivukoni na mzigo wake, huuweka chini, akateremka ng'ambo katikati ya mji, kisha hujitwika akaenda sokoni kwa miguu. Kwa njia ya daraja itampasa alipe pikipiki, alipe basi, pengine alipe na daladala, na kila anapobadili chombo mzigo nao unalipiwa, na nyanya za chini zinazidi kupondeka. Akifika, faida imebaki barabarani. Nimepata kuwasikia wachuuzi wakifanya hesabu hiyo kwa vidole, nao hawakosei hata senti, ingawa baadhi yao hawakumaliza darasa la saba.

Hapa ndipo ninapoona hatari ambayo haizungumzwi. Chombo kikubwa cha kuvusha magari hakiendeshwi kwa nauli za waendao kwa miguu. Lori moja hulipa nauli ya abiria wengi. Kivuko chetu hapa ni cha kampuni ya watu binafsi, nayo, kama duka lolote, hutazama mapato na matumizi. Ikiwa magari yatafuata daraja, na hapana sababu ya kuyazuia yasilifuate, chombo kitakuwa kikibeba watu, mabeseni na baiskeli, lakini mafuta kitakunywa yale yale. Mwenye chombo atafanya nini? Ama atapandisha nauli, ama atapunguza safari, ama atafunga. Simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo.

Na hapo watu watafanya nini? Hawatakubali kuzunguka. Watapanda mitumbwi. Ndugu zangu, ziwa hili twalijua. Mnamo tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Mwanza, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, nacho kilikuwa kimepakia watu wengi kupita kiasi. Waliokufa walikuwa 228. Hivyo vilikuwa vyombo vya chuma, vyenye manahodha na vyeti. Mtumbwi wa mbao uliojaa watu na magunia, wimbi la mchana likivuma kutoka kaskazini, sitaki hata kuuandikia zaidi. Nasema tu kwamba kivuko kikidhoofika, hatari hiyo haitangoja mkutano wa kamati.

Wako watakaojibu kwamba dunia ndivyo ilivyo: kitu kipya kikija, cha kale hufa, na mwenye biashara ya kivuko ashinde au ashindwe kama wafanyabiashara wengine. Jawabu hili lasikika kuwa la kisasa, lakini mambo yaliyotokea kwingine hayaliungi mkono. Tutazame Dar es Salaam. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, na wengi walidhani kwamba Magogoni patabaki patupu. Hapakubaki patupu hata siku moja. Kivuko kiliendelea kubeba maelfu kwa maelfu ya watu kila siku, kwa sababu daraja liko Kurasini, na kivuko humshusha mtu karibu na soko la samaki la Feri na maofisi ya mjini. Serikali yenyewe ndiyo iliyoendelea kuendesha vyombo vile kwa wakala wake, TEMESA, na hapana aliyesema kwamba watu wa Kigamboni wamekwisha kupewa daraja, basi wanyamaze.

Mfano mwingine uko mbali, nao unanifurahisha zaidi. Katika mji wa San Francisco, Marekani, daraja mashuhuri la Golden Gate (ambalo kwa urefu lashindwa na letu) lilifunguliwa mwaka 1937. Magari yakalikimbilia, na mwaka 1941 vivuko vya kwenda Sausalito, ng'ambo ya pili, vikasimama. Watu wakaona hayo ndiyo maendeleo. Miaka ikapita, magari yakasongamana darajani asubuhi na jioni mpaka ikawa kero. Mwaka 1970 ile ile mamlaka inayosimamia daraja ikaanza tena kuendesha kivuko cha abiria cha Sausalito. Wazee wetu husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Wenzetu waliutupa mbacha, na baada ya miaka 29 wakalazimika kununua mwingine.

Jambo hili lahusu mji mzima wa Mwanza, wala si kijiji chetu peke yake. Mwanza ilijengwa ikilitazama ziwa. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928 ikakomea majini, ili ikutane na meli. Pamba iliyowapa nguvu wakulima wa Usukuma, hata wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, sehemu yake ilisafiri kwa maji. MV Victoria ilipoanza kazi mwaka 1961, kufika kwake bandarini kulikuwa sikukuu. Mwaka 2000 Mwanza ikapewa hadhi ya jiji, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wakazi wa Nyamagana na Ilemela pamoja wamepita milioni 1.

Sasa jiji linajengwa upya kwa kasi ambayo wazazi wetu hawakuiona. Stendi mpya za mabasi zimejengwa Nyegezi na Nyamhongolo. Soko Kuu la zamani lilivunjwa ili lijengwe jipya, na wafanyabiashara wake wakahamishiwa Mbugani. Mwaka 2021 wamachinga walipangwa upya katika miji yote ya nchi, wakaondolewa kando ya barabara. Mwezi Juni wa mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilometa 341, na Februari 2023 meli mpya ya abiria 1,200 ilishushwa majini. Kazi hizi zote ni nzuri. Ila nikizitazama kwa pamoja naona jambo moja: kila moja yamfikiria mtu ajaye kutoka mbali. Basi lina stendi yake, treni ina stesheni yake, lori lina daraja lake. Lakini yule ajaye kutoka karibu, kwa miguu, na beseni kichwani, ambaye ndiye anayelilisha jiji mihogo, nanasi na samaki, yeye amewekewa nini katika ramani hizo? Nadhani tukiulizana kwa dhati jawabu litakuwa fupi sana.

Basi ningependekeza nini? Sitaki kudai kwamba serikali imnyang'anye mtu chombo chake, wala kwamba magari yalazimishwe kupita huku. Lakini kuna vyombo vya serikali vilivyokuwa vikifanya kazi Kigongo na Busisi, ambavyo pale havina kazi tena tangu daraja lilipofunguliwa. Vyafaa visaidie mahali ambapo watu wangali wanavuka, na visiwa vya ziwa hili vina haja kubwa kuliko sisi, nakiri. Kwa Kamanga pengine kinachofaa zaidi ni boti za abiria tu, ndogo, zisizobeba gari hata moja, ambazo hazili mafuta mengi na zaweza kuvuka mara nyingi kwa siku. Zikaguliwe, ziwe na maboya ya kuokolea watu, na idadi ya abiria ihesabiwe kweli kweli gatini, si kwa kukadiria. Ikiwa nauli ya mchuuzi na ya mwanafunzi haitoshi kuziendesha, halmashauri za pande zote mbili zichangie kidogo. Barabara hatulipii nauli, nazo zimegharimu mabilioni; sioni kwa nini njia ya maji peke yake ndiyo itakiwe kujilipia kila shilingi.

Na gati nalo litazamwe. Mahali pa kungojea pawe na kivuli na mabenchi, na pawe na meza safi za wauza samaki na mama lishe. Jambo hili la mwisho msilidharau. Kule Kigongo na Busisi, msururu wa magari ulikuwa kero kwa msafiri, lakini ulikuwa mkate wa muuza mahindi ya kuchemsha. Anayengoja hununua, anayepita mbio hanunui. Daraja lilipofunguka, sijasikia kwamba kulikuwa na mpango madhubuti wa kuwapokea watu wale mahali pengine, nao hawakuwa wamekosa lolote. Kwetu hapa bado nafasi ipo ya kufikiri kabla.

Rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Tatu ananiambia kwamba haya ni mambo ya wakubwa, na ya kuwa mwanafunzi apaswa kusoma tu. Namjibu kwamba katika Jiografia tumefundishwa sababu za miji kukua na sababu za miji kufa, na mtihani wenyewe uko hapa chini ya kilima, mita chache kutoka kwenye uwanja wetu wa mpira. Wenzetu wengi wa kutwa wana wazazi ambao karo, sare na madaftari yao vyatoka katika biashara ya kuvuka asubuhi na kurudi jioni. Safari zikipungua, hao ndio watakaokuwa wa kwanza kukosa kuonekana darasani.

Kwa hiyo naomba jambo moja ambalo halina gharama. Kabla ya mtu yeyote kukata shauri juu ya kivuko hiki, halmashauri imlete karani akae gatini kwa juma zima, kuanzia alfajiri hadi chombo cha mwisho, ahesabu wanaovuka. Asihesabu magari tu. Ahesabu vichwa, na mabeseni, na matenga, na watoto wa shule, na wagonjwa walioshikiliwa mkono. Aandike kila mmoja anakwenda wapi, na kama kivuko kisingekuwapo angepita njia gani. Ikiwa karani mmoja hatoshi, sisi wa Kidato cha Nne tuko tayari kumsaidia kwa zamu, mradi mwalimu wetu wa Jiografia aturuhusu, na mradi kazi hiyo isiangukie juma la mitihani.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne