Fahali wa Chuma Naye Akaguliwe

Zimetufikia habari kutoka Endulen, huko kusini-magharibi mwa kreta ya Ngorongoro, kwamba mazungumzo ya vijana katika baraza za maduka siku hizi si ya mvua na malisho peke yake. Simu moja ikipata chaji na mtandao, vichwa vinakusanyika juu yake kutazama Lamborghini gani imetoka, Ferrari ipi imeuzwa mnadani Ulaya, na kwa bei gani. Hilo halikutushangaza. Lililotufanya tushike kalamu ni kwamba wapo waliokwisha kutoka katika kutazama wakaingia katika kuhesabu: ng'ombe wangapi watoke zizini ili gari la Kitaliano lililotumika, katika hayo yauzwayo Uingereza na Japani, literemshwe Dar es Salaam na kupandishwa Karatu.

Wapo wazee waliotutaka tuwakemee vijana hao. Sisi hatutafanya hivyo. Mapenzi ya mashine si kosa, na nchi inayotaka kujenga viwanda haiwezi kuwacheka vijana wake kwa kuipenda injini. Tena upo udugu fulani katika jambo hili. Nembo ya Lamborghini ni fahali. Gari lao la mwaka 1966 liliitwa Miura, jina la ukoo wa wafugaji wa Hispania waliosifika kwa mafahali wa kupigana, na Gallardo vile vile ni jina lililotoka katika mbari za mafahali hao. Mtu aliyelelewa katika boma, anayemjua kila ng'ombe kwa rangi yake na mkunjo wa pembe zake, akisikia kwamba kuna gari lenye nasaba ya fahali, kwa nini moyo wake usishituke?

Lakini mfugaji huyo huyo mnadani hadanganyiki. Muuzaji na apige kelele apendavyo. Yeye atamfungua ng'ombe kinywa ahesabu meno, atampapasa shingo na mbavu, atamtembeza atazame kwato, atauliza ametoka kijiji gani na kama huko kuna ndigana. Pembe nzuri huziona mwisho. Hoja yetu ni kwamba ujuzi huo, ambao ni elimu kamili ijapokuwa hautolewi cheti, unaachwa nje ya mlango pindi picha ya gari jekundu inapotokea kwenye kioo cha simu.

Basi na tumkague huyu fahali wa chuma. Tuchukue hiyo Gallardo, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana. Ilitengenezwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2013, na jumla ya magari 14,022 yalitoka kiwandani. Maana yake, aliye mdogo kabisa katika kundi hilo amekwisha kupita miaka kumi. Injini yake ina silinda kumi na ujazo wa lita 5, na baadaye 5.2. Katika nyingi ya gari hizo dereva hakanyagi klachi, bali mtambo ndio unaomkanyagia, na wanaozijua wanasema sahani ya klachi huliwa upesi katika mwendo wa kusimama na kuondoka, na katika vilima. Nasi tunauliza: njia ya kupanda ukingo wa kreta ni nini kama si vilima, na kusimama kupisha magari ya watalii, na kuondoka tena?

Au tuchukue Ferrari F355, iliyotengenezwa kati ya miaka 1994 na 1999. Gari hilo lina mikanda ya taimingi ambayo hapana budi ibadilishwe kila baada ya miaka michache, liwe limetembea au limelala. Kazi hiyo haifanyiki mpaka injini nzima iteremshwe kutoka garini. Mafundi wa Karatu tunawaheshimu. Ndio waliofanya Land Rover na Land Cruiser kuukuu ziendelee kupanda milima miaka ambayo wenye viwanda wenyewe hawakuitarajia. Lakini ufundi wao umesimama juu ya vipuri vinavyopatikana Arusha. Mpeleke injini ya Ferrari chini ya mwembe, bila vitabu vyake na bila zana zake, utakuwa umemwonea fundi na umejionea mwenyewe.

Hapo ndipo penye siri ya bei ndogo inayowavuta vijana. Bei ya kununua gari la namna hii hushuka kwa umri, lakini bei ya kulitunza haishuki. Kipuri cha gari lililonunuliwa kwa robo ya thamani yake ya kwanza huuzwa kwa bei ya kipuri cha gari la tajiri, kwa sababu kilikusudiwa tajiri. Mara nyingi mwenye gari wa kwanza, au wa tatu, huliuza siku ile ile alipoletewa hesabu ya matengenezo. Mnadani kwetu tunamjua mtu anayemwuza maksai mzuri kwa bei ya kutupa. Humwuliza kwanza: huyu ana nini?

Kisha ziko kodi za nchi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, nayo hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru. Kwa hizo mbili tu, kila shilingi 100 ya gari na nauli yake na bima yake imekuwa shilingi 147 na senti 50. Bado haujaingia ushuru wa bidhaa, ambao huwa mkubwa kwa injini kubwa, wala ushuru wa uchakavu kwa gari lililozeeka.

Wapo watakaosema kwamba mashine ya Kitaliano ni hodari na itastahimili. Uhodari hatuubishi. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wa uongo mwezi Novemba 1965, Zambia ilibanwa, na miongoni mwa vyombo vilivyoitoa shaba yake hadi bandari ya Dar es Salaam, katika barabara ya vumbi na makorongo, ni malori ya Fiat kutoka Italia. Fiat hiyo hiyo ndiyo iliyonunua nusu ya Ferrari mwaka 1969. Lakini lori lilitengenezwa kwa kazi hiyo. Gari la mbio lina kazi nyingine, na ushahidi uko hapa hapa Afrika Mashariki. Katika mashindano ya Safari Rally ya mwaka 1975 Waitaliano walileta Lancia Stratos, gari lenye injini ya Ferrari Dino, bingwa wa dunia wa mwaka 1974, likiendeshwa na Sandro Munari. Lilishika nafasi ya pili, na jingine kama hilo likashika ya tatu. Mshindi alikuwa Ove Andersson katika Peugeot 504, gari la familia, lile lile walilolipanda wazee wetu kama teksi. Lancia walisubiri mpaka mwaka 1988 ndipo Miki Biasion akawashindia Safari, na kwa gari la umbo jingine kabisa, linaloendeshwa na magurudumu yote manne.

Wenye viwanda wenyewe wamekwisha kulielewa jambo hili. Lamborghini walitoa Urus mwishoni mwa mwaka 2017, na mwaka 2022 wakatoa Huracán Sterrato, iliyoinuliwa kwa ajili ya njia za vumbi, magari 1,499 tu. Ferrari nao mwaka huo huo wakatoa Purosangue ya milango minne. Habari kama hizi ndizo tungependa vijana wa Endulen wazisome kwa makini, kwa kuwa zinaeleza gari linafanya nini na ardhi.

Vile vile wasome habari ya Ferruccio Lamborghini mwenyewe. Mtoto huyu wa wakulima alianza mwaka 1948 kuunda matrekta, akitumia mabaki ya magari ya vita. Trekta ndilo lililomtajirisha. Husimuliwa kwamba aliudhika na klachi ya Ferrari yake, ndipo akafungua kiwanda cha magari mwaka 1963. Trekta lilitangulia, gari likafuata.

Nasi hapa tunalazimika kusema neno gumu. Mtu wa Karatu mjini akipotea katika ununuzi wa gari, aghalabu ana shamba la mahindi au ngano la kumrudisha. Mtu wa Endulen hana. Ndani ya Hifadhi kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi mwaka 1992, kikazuiwa tena mwaka 2009. Huko benki ni zizi, ada ya shule ni zizi, na matibabu ni zizi. Ng'ombe walionunua gari hawazai tena. Kama gari limelala juu ya mawe likingoja klachi kutoka Ulaya, na mtoto ameugua usiku, baba atauza nini?

Wala tusiwabebeshe vijana peke yao lawama. Wamejifunza wapi kwamba gari ni cheo? Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko, na lugha yetu tayari ilikuwa na neno Wabenzi. Leo neno ni mashangingi, nayo hupita vijijini vioo vikiwa vimefungwa, vumbi likiwaachia akina mama wenye madumu ya maji. Mwezi Septemba 2019, karibu na Geneva, yaliuzwa mnadani magari 25 yaliyokuwa yamezuiliwa na waendesha mashtaka, ya Teodoro Nguema Obiang Mangue, mtoto wa Rais wa Guinea ya Ikweta, na Lamborghini Veneno moja tu ilipita faranga milioni 8 za Uswisi. Vijana huziona bei hizo. Kiongozi anayetaka kuwahubiria kiasi na ashuke kwanza, afungue mlango, asalimie.

Halmashauri nazo zina la kufanya. Katika kundi lile la barazani wamo wanaoweza kutaja injini kumi kwa ujazo na idadi ya silinda bila kusoma popote. Tunataka wanne au watano wao wapelekwe VETA wakasomee ufundi wa magari kwa gharama ya umma, kisha wakirudi wakabidhiwe yale magari ya huduma yanayosubiri fundi kutoka mbali.

Na ndugu yule aliyekwisha kuwatenga ng'ombe wa kuuza, asiwapeleke mnadani mwezi huu. Amwandikie kwanza muuzaji amwulize klachi imebadilishwa lini, mikanda lini, na nani aliyeifanya kazi hiyo, naye atumiwe karatasi. Halafu amwulize wakala wa forodha hesabu yote mpaka getini. Jibu likija, asilihesabu kwa dola, alihesabu kwa mitamba.