Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Wako vijana wa Kapata wanaoletewa katika simu zao barua za vyama vya nchi za mbali, wakiombwa watie majina yao ili umaskini ukomeshwe duniani. Wengine hutia jina upesi, wasijue waliloombwa. Wako pia wazee wanaocheka na kuuliza ni lini kidole juu ya kioo cha simu kilipika bukari. Leo twataka kusema na hao wote.

Tuanze na wazee. Katika Kitabu cha Walawi, Mungu aliwaamuru Waisraeli kwamba kila mwaka wa hamsini watumwa waachwe huru, na mashamba yarudishwe kwa wenyewe. Kwa kuikumbuka amri hiyo, Wakristu na watu wengine wenye mapenzi mema walikusanya, kufikia mwaka 2000, majina milioni 24 katika dunia nzima, wakidai nchi maskini zisamehewe madeni yao. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaunga mkono. Wakubwa wa dunia walisikia, nchi moja baada ya nyingine ikapunguziwa mzigo, na mwezi wa Julai 2010 ikafika zamu ya Kongo yetu: ilisamehewa zaidi ya dola bilioni 12. Kwa hiyo jina la mtu mdogo si kitu bure likiungana na mengine. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini viwili vyaweza.

Hata hivyo wazee wana haki ya kuuliza: deni lile liliposamehewa, je, Kapata ilishiba? La, haikushiba. Umaskini wetu una asili yake. Mji huu wa wafanyakazi uliishi kwa mshahara wa Gécamines, na mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliachishwa kazi kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Baba alipokaa nyumbani bila kazi, mtoto alishika mfuko akaenda kuokota mawe. Msamaha wa deni la serikali haukuurudisha mshahara ule. Ndiyo maana madai ya jumla hayatoshi. Mwenye shida hana budi kuitaja shida yake mwenyewe.

Na jambo hilo lilitendeka hapa kwetu. Mwaka 2015 wachunguzi wa Amnesty International, pamoja na wa Afrewatch, chama chenye makao Lubumbashi, walifika Kolwezi, hata kwenye Ziwa Malo hapa Kapata, ambako watu walikuwa wakiosha mawe ya kobalti. Katika migodi mitano waliwasikiliza wachimbaji 87, na 17 kati yao walikuwa watoto. Watoto walieleza kazi ya saa 12 kwa siku, mizigo iwaumizayo mabega, na malipo ya faranga 1,000 au 2,000. Mwezi wa Januari 2016 maneno hayo yalitolewa, yakaenea katika mtandao, na watu wa nchi nyingi wakawauliza wenye viwanda vya simu na vya magari kobalti yao yatoka wapi. Wanafunzi waliangalie jambo hili: nguvu ya swali lile haikuanza Ulaya. Ilianza kwa mtoto aliyeeleza kazi yake bila kuongeza wala kupunguza.

Sasa tuwageukie vijana. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilisema kwamba imeacha kwa muda kununua kobalti ya Kongo iliyochimbwa kwa mikono. Aliyetia jina lake huko mbali huenda alifurahi, akidhani watoto wameokolewa. Lakini mama aoshaye mawe angeuza wapi mfuko wake jioni ile? Lipo ombi linalomwondolea maskini mzigo, na lipo ombi linalomwondolea chakula, na yote mawili huitwa huruma. Basi, kijana, kabla hujatia jina, uliza maneno matatu. Ni nani aombaye, naye amewasikiliza wenye shida? Anataka nini hasa? Akikipata, familia ya mchimbaji itaishi kwa nini kesho? Barua isiyokuwa na majibu, iache.

Kisha yapo madai yaliyo karibu nasi. Sheria ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 yasema kwamba katika kila faranga 100 za mrabaha, yaani malipo yatolewayo na kampuni kwa madini iliyoyachimba, 15 ni haki ya serikali ya mahali penye mgodi. Tena kampuni yapaswa kutoa, katika kila dola 1,000 za mauzo yake, angalau dola 3 kwa maendeleo ya wakazi. Wenye kujua kusoma na waisome sheria hiyo, wawaeleze wazazi wao. Kisha parokia na waulize kwa heshima na bila hofu: fedha ngapi zimefika, nazo zimejenga nini? Ombi la namna hiyo, hata likipelekwa kwa simu, lina uzito, kwa sababu kila jina lililomo lina mtu na nyumba ijulikanayo.

Wala tusiwe watu wa kudai tu. Masista wa Mchungaji Mwema, katika mtaa wa Kanina hapa Kolwezi, waliwafungulia shule watoto wa migodini, na kuwafundisha akina mama kilimo na kazi za mikono, wasingoje dunia ibadilike kwanza. Yatupasa nasi kuwaiga kadiri tuwezavyo: jirani amsaidie mjane ili mwanawe aende shuleni, na mwalimu amfuate mwanafunzi asiyeonekana darasani siku ya tatu.

Baba Mtakatifu Fransisko, alipofika Kinshasa mwezi wa Januari 2023, aliutaka ulimwengu uondoe mikono yake katika Kongo na katika Afrika. Alisema hayo kwa ajili yetu. Lakini hakutuambia sisi tukunje mikono yetu.