Saumu haijazi vichwa? Usikimbilie mbolea

Swali ninaloulizwa sana na wanaolima bonde la Luiche ni hili: "Afisa, saumu yangu ina majani mazuri kweli, lakini nikichimba nakuta kitu cha duara kama kitunguu kidogo, punje hakuna. Niweke mbolea gani?"

Hakuna mbolea ya hiyo. Mimi naona tunapoteza hela kwenye yuria wakati tatizo lilianza kabla ya kupanda, mbegu ikiwa bado gunia.

Kitunguu saumu kina asili ya nchi zenye baridi. Ili kigawanyike kuwa punje, kinahitaji kupitia ubaridi, na siku ndefu zinasaidia. Sasa sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na hapa ziwani tuko mita 770 na kitu tu juu ya bahari. Kule Mbulu, saumu inakotoka, wako juu na usiku kunapoa. Kwa hiyo Mwanga mmea haupati siku ndefu wala baridi. Unaota majani, basi.

Ubaridi huo unaweza kuutoa kabla ya kupanda. Waholanzi wanafanya hivyo kwa vitunguu vya ua la tulipu: wiki 12 na zaidi kwenye chumba cha baridi, la sivyo ua linatoka na shina fupi lisilouzika. Kwa saumu, Mann na Minges walichapisha utafiti wao California mwaka 1958 wakionyesha kwamba joto la ghala la mbegu linabadilisha ukuaji shambani.

Friji ya soda inatosha kwa majaribio. Nyuzi 5 hadi 10, wiki 6 hadi 8, vichwa vizima ndani ya mfuko wa neti. Nailoni hapana, itaoza. Friza ndiyo usiguse kabisa, mbegu itakufa. Na nunua kipimajoto, maana mkono haujui tofauti ya nyuzi 2 na 8. Ukianza katikati ya Machi, unapanda mwanzoni mwa Mei, mvua zinaisha, na mmea unakutana na usiku wa Juni na Julai ambao angalau una nafuu. Kabla ya kupanda pasua punje moja: chipukizi la ndani likiwa limefika zaidi ya nusu, mbegu imeamka. Bambua, panda siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukiiacha tena kwenye joto la stoo, unapunguza kazi ya friji.

Ila kuna wanaodhani ukizidisha baridi utavuna zaidi. Si kweli. Ikizidi, mmea unakimbilia kujaza ukiwa bado mdogo, vichwa vinakuwa vidogo, vingine vinachipua pembeni na kuwa na sura mbaya. Mnunuzi hachukui.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama aweke ekari nzima Luiche, namwambia hapana, hata kama ana friji. Panda punje 200, nusu zilizopoozwa na nusu za rafuni, uchimbe ulinganishe. Ekari kaitafute Manyovu juu, hewa ya kule inakusaidia bila bili ya umeme. Mbegu ya saumu ni ghali mno kuifanyia bahati nasibu.

Wenye friji tayari, anzeni na hizo 200, mnipigie mkishachimba.