Degedege si ndege, kimbiza mtoto hospitali!

Leo tuyaweke pembeni kidogo mambo ya mapenzi na mavazi, maana kuna kasheshe moja inayomhusu kila kijana mwenye mtoto, au anayelala nyumba yenye mtoto. Nazungumzia degedege.

Usicheke. Najua wengi wetu tunajiita watoto wa mjini, simu kubwa mkononi, vidato tumevipanda. Lakini ngoja mtoto akakamae saa nane za usiku, macho yageuke juu na povu limtoke, ndipo utakapoona usomi unavyoyeyuka! Hapo anaibuka shangazi wa chumba cha pili na kunong'ona: "Huyo kapitiwa na ndege. Msithubutu kumpeleka hospitali, akichomwa sindano tu kwisha habari yake."

Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, kwenye nyumba ya kupanga niliyokuwa nakaa huko Mbagala. Mama mtoto alikuwa binti mdogo tu, mumewe dereva wa magari ya mikoani, yuko safari. Mtoto wa miaka 2, homa imemuanza asubuhi. Alipoanza kutupa mikono na miguu, nyumba nzima ikajazana mlangoni. Mmoja anataka kijiko akiingize kati ya meno. Mwingine, samahani kwa lugha, kaja na mavi ya tembo yachomwe mtoto afukizwe. Wa tatu anamwambia mama amkojolee mwanawe, eti shetani akimbie. Binti wa watu analia tu: "Baba yake hayupo jamani, mimi niamue vipi?"

Aliyekata ubishi ni mzee mmoja fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Alisema: "Mwanangu, mtoto ni wako. Pikipiki iko nje. Twende." Wakaenda. Kumbe malaria kali! Mtoto alilazwa, akachomwa hizo hizo sindano zilizosemwa zitamuua, na siku ya nne karudi nyumbani anadai chapati.

Sasa tuelewane. Wazee wetu wa Pwani wanasema kuna ndege, wengine wanasema nondo, anayeruka usiku, na akimpitia mtoto ndiyo hivyo tena. Siwacheki. Waliona mtoto anapapatika kama ndege, wakaeleza kwa kadiri walivyoweza. Lakini daktari atakwambia degedege ni ubongo uliozidiwa. Inaweza kuwa homa imepanda tu, ambayo huwasumbua sana watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Inaweza kuwa malaria iliyofika kwenye ubongo, homa ya uti wa mgongo, au sukari imeshuka mwilini. Ukimtazama kwa macho tu huwezi kujua ni ipi, awe mganga au awe profesa. Mpaka apimwe.

Na hii habari ya sindano kuua imetoka wapi? Mimi naona hivi. Mtoto anashikwa Jumatatu. Jumatatu anafukizwa, Jumanne anapelekwa kwa mtaalamu wa majani, Jumatano ndiyo anafikishwa hospitali, yuko hoi. Anachomwa sindano, na baada ya saa moja anafariki. Watu waliona sindano. Zile siku mbili zilizopotea hakuna aliyezihesabu!

Dawa zenyewe siku hizi ni kiboko. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliochomwa sindano ya artesunate walikufa wachache kuliko waliopewa kwinini, vifo vikapungua kwa zaidi ya moja ya tano. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike kwa watoto. Lakini dawa iliyoko hospitali haiwezi kumtibu mtoto aliyeko uvunguni anafukizwa.

Haya, likikutokea ufanye nini? Kwanza tuliza moyo. Mlaze mtoto kwa ubavu, ili mate na matapishi yatoke nje yasimpalie. Ondoa vitu vigumu karibu yake, mlegezee nguo. Usimkandamize. Usiingize chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si dawa, si maji. Usimtumbukize kwenye beseni la maji baridi. Tazama saa ujue imechukua dakika ngapi, maana daktari atakuuliza. Huku hayo yakiendelea, mtu mwingine atafute usafiri. Hata ikikatika yenyewe baada ya dakika 2, safari iko pale pale. Njiani, kama amezinduka kabisa na anameza vizuri, mnyonyeshe au mpe maji ya sukari kidogo kidogo.

Na usisubiri mpaka akakamae. Kwa mtoto chini ya miaka 5, dalili hizi nazo hazitaki mjadala: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki ukimwita. Nyingine ni pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 12, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta hewa, usiendelee kuhesabu, ondoka.

Kinachoniuma zaidi ni lile swali la yule binti: niamue vipi? Akina kaka mlioko safarini, semeni mapema, tena mbele ya mama mkwe na mashangazi wote: mtoto akizidiwa, mama yake anaamua papo hapo, hakuna cha kunisubiri. Acha na nauli ya dharura mahali anapopajua, na namba ya bodaboda mmoja anayepokea simu usiku. Haya yanazungumzwa mchana, watu wameshiba na wanacheka. Saa nane za usiku hakuna kikao.

Na wewe dada, bibi akisema ni ndege, usigombane naye. Muda huo huna. Mwambie, "Sawa bibi, nisaidie khanga ya kumfunikia, tunakwenda naye hospitali." Mkirudi salama mtabishana mpaka kukuche.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.