Waifai imefika mtaani, lakini ruta yako inamtii nani?

Tangu Starlink iingie Kenya Julai 2023, kampuni za intaneti ya nyumbani zinapigania wateja kwelikweli. Poa. Lakini jiulize: fundi alipomaliza kufunga ruta akaenda zake, wewe ulibadilisha nini?

Wengi wetu hubadilisha nywila ya waifai pekee, ile tunayopeana na majirani. Ile ya pili, inayofungua mipangilio ya ruta yenyewe, mara nyingi hubaki ya kiwandani: "admin". Hapo ndipo kuna noma. Mwaka 2016, programu hasidi iitwayo Mirai ilijaribu nywila za kiwandani tu, ikateka maelfu ya kamera na ruta, kisha ikazitumia kufanya Twitter na Netflix zisifunguke kwa wengi Marekani.

Basi leo usifanye uvivu. Andika kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya ruta, uingie. Badilisha nywila zote mbili, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na majirani uwafungulie mtandao wa wageni. Bili unalipa wewe. Kwa nini funguo awe nazo mwingine?