Nyumba ya landilodi wa Laini Saba nayo ni turathi

Ukisikia mtu akitaja turathi za kitaifa, akili yako hukimbilia wapi? Pengine Fort Jesus, Lamu, ama jumba la mawe lenye mlango wa nakshi kule Pwani. Laini Saba haimo. Huku kwetu nyumba kuukuu ya udongo yenye mabati yaliyoshika kutu ni ploti tu, na mwenyewe ni landilodi tu, mtu wa kukwepwa ikifika tarehe 5.

Mimi nasema tunapoteza kitu hapo, na tunakipoteza haraka.

Hebu kwanza tuangalie majumba tunayoyaheshimu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka 2000, na sehemu kubwa ya fahari yake ni majengo ya wafanyabiashara. Tharia Topan, tajiri mwenye asili ya India, alianza kujenga jumba lake la ufukweni mwaka 1887. Alikufa 1891 kabla halijaisha. Baadaye likawa zahanati, likachakaa, kisha likakarabatiwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mtaa wa Shangani nako kuna nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyefariki 1905. Hiyo haikupata bahati. Baada ya Mapinduzi ya 1964 iligawanywa vyumba, familia mbalimbali zikaingia, na imekuwa ikichakaa huku watalii wakipelekwa kuutazama mlango wake.

Nyumba ya tajiri wa zamani, ndani watu wa kawaida kila familia na chumba chake. Si unaijua hiyo hadithi?

Sasa rudi Kibera. Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza la KAR, walianza kukaa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza zaidi ya ekari 4,000 kuwa ardhi ya jeshi. Wazee husimulia kwamba jina Laini Saba halihusu nambari 7. Ni "laini shabaha," mahali askari walipojifunzia kulenga bunduki.

Familia hizo ziliruhusiwa kukaa lakini hazikupewa hati. Bila hati, nani angethubutu kujenga kwa mawe? Kwa hivyo walijenga kwa miti na udongo: nyumba pana, baraza mbele, miti ya matunda uani. Ule udongo haumaanishi kwamba watu hawakuwa na ustaarabu. Ni ushahidi wa siasa ya ardhi, tena ushahidi mzuri kuliko faili nyingi za ofisini.

Na biashara ilikuwepo. Waliuza mboga, maziwa, na ndiyo, ile pombe kali iliyofanya jina la Wanubi lijulikane Nairobi nzima. Jiji lilipokua na watu wakamiminika kutoka mashambani kutafuta kazi, familia hizo ziliongeza vyumba na kupangisha. Hapo ndipo landilodi wa Kibera alizaliwa. Si tajiri wa kiwango cha Topan, lakini ni mfanyabiashara, na nyumba ndiyo iliyokuwa mtaji wake.

Najua hapa wengi mtaruka. Mwaka 2001 mzozo wa kodi Kibera ulimwaga damu, wapangaji na wenye nyumba wakapigana na watu wakafa. Siku hizi malandilodi ni wa kila kabila, na wengi hata hawaishi mtaani. Kumwambia mpangaji kwamba nyumba ya mtu anayempandishia kodi ni turathi ni kama kumtania.

Lakini kuhifadhi nyumba si kumpigia makofi mwenye nyumba. Tippu Tip aliuza binadamu, na hiyo ndiyo sababu nyumba yake isipotee: ikianguka, kusahau kutakuwa rahisi. Vivyo hivyo, nyumba kuukuu ya Laini Saba si historia ya landilodi peke yake. Ni historia ya mama aliyeshuka basi na mtoto mgongoni akapewa chumba cha kwanza jijini. Pengine ni nyanya yako.

Kwa Wanubi wenyewe, jambo ni zito zaidi. Kwa miaka mingi walihangaishwa kupata kitambulisho, kana kwamba ni wageni. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi. Hatimiliki ya ekari 288 ilikuja 2017. Kabla ya karatasi hizo, nyumba iliyojengwa na babu ndiyo iliyosema, "Tulikuwa hapa."

Sipingi maendeleo. Julai 2018 matingatinga yalipitia Kibera kupisha barabara, na watu wapatao 30,000 wakaachwa bila makao, shule zikabomolewa. Ubaya ulikuwa namna watu walivyotendewa. Barabara tunazihitaji. Maghorofa pia tunayahitaji. Hakuna anayetaka kulala chini ya paa linalovuja ili mtalii apate picha.

Ninachotaka ni kidogo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa mnara wa kitaifa likiwa na thamani ya kihistoria au kitamaduni. Haikusema lazima liwe la mawe. Basi Makavazi ya Kitaifa na Kaunti ya Nairobi wakae na wazee wa Kibera, wachague angalau nyumba moja ya zamani, familia yenyewe ikiridhia na ikilipwa inavyofaa. Ikarabatiwe, iwe na maktaba, na vijana wa mtaa waajiriwe kuisimulia. Zingine ambazo lazima ziende, zipimwe na kupigwa picha kabla tingatinga halijafika.

Na wewe mwenye simu ya kurekodi densi za TikTok, una kazi ambayo haihitaji serikali. Muulize mwenye ploti au mzee wa jirani: nani alijenga hapa? Chumba cha kwanza alipewa nani, kwa shilingi ngapi? Uani palikuwa na mti gani? Rekodi, hifadhi, weka tarehe.

Majumba ya mawe ya Zanzibar yameweza kungoja zaidi ya miaka 100 hadi mtu akawajibika. Nyumba ya udongo haiwezi kungoja hivyo. Ikishatolewa mabati, misimu miwili ya mvua inatosha, na hakuna atakayejua ilikuwa wapi.