Daraja la Tatu Si Ligi ya Walioshindwa

Miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani, na hata kwa wazazi wa Nairobi na Dar es Salaam wenye watoto wanaosoma huko, imezoeleka kauli moja: kijana anayecheza futiboli ya Kimarekani katika chuo kidogo ni kijana aliyekosa nafasi katika chuo kikubwa. Angekuwa na kipaji cha kweli, wanasema, angekuwa Alabama au Ohio State, akicheza mbele ya watazamaji laki moja. Kwa kuwa yuko katika chuo cha wanafunzi elfu mbili, katikati ya mashamba ya mahindi, msimu wake hauna maana, na heri avue kofia ngumu arudi maktaba.

Wanaosema hivyo wana sababu, na zilizo nzito ni tatu. Ya kwanza ni kiwango: kila mwaka timu za kulipwa za NFL huteua mamia ya vijana, na wanaotoka vyuo vidogo ni wa kuhesabu kwa vidole. Ya pili ni pesa: NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hakiruhusu vyuo vya Daraja la Tatu kutoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Kijana hutoka jasho jioni kama wenzake wa vyuo vikubwa, ilhali ada inatoka mfukoni mwa familia au katika misaada ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuiomba. Ya tatu ni hatari: mchezo huu huumiza, na mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe ahatarishe kichwa chake kwa jambo lisilomlipa.

Sababu zote tatu ni za kweli. Hitimisho ndilo lisilofuata, kwa kuwa limejengwa juu ya dhana ambayo wasemaji hawajaichunguza: kwamba futiboli ya vyuo ni ngazi moja, na aliye chini yuko pale kwa sababu ameshindwa kupanda. Nitaijibu dhana hiyo kwa hoja nne.

Kwanza, madaraja ya NCAA hayaendeshwi kama ligi zetu za kandanda. Shabiki aliyekulia kwenye kandanda anajua kwamba timu ikiongoza msimamo inapanda, na ikiburuta mkia inashuka. Akisikia Daraja la Tatu, anaona ghorofa ya chini ya jengo ambalo kila mpangaji anatamani kuhamia juu. Katika NCAA hakuna kupanda wala kushuka kwa matokeo ya uwanjani. Chuo huchagua daraja kulingana na kinavyotaka kuendesha michezo: kama kitatoa ufadhili, kitatumia kiasi gani, na michezo itachukua nafasi gani katika maisha ya mwanafunzi. Daraja la Tatu lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya vyuo vilivyotaka mchezaji abaki mwanafunzi kama wengine, na leo lina vyuo vingi kuliko daraja lolote jingine.

Ushahidi ni Mount Union, chuo kilichoko Alliance, Ohio. Kati ya 1993 na 2017 kilitwaa ubingwa wa taifa wa Daraja la Tatu mara 13. Kilishinda mechi 54 mfululizo, kikafungwa mwaka 1999, kisha kikaanza upya na kushinda nyingine 55. Kwa sheria za kandanda kingekuwa kimepanda zamani. Kimebaki kilipo kwa hiari yake, kwa sababu kinaafikiana na masharti ya daraja lile. Mfano wa upande wa pili ni St. Thomas cha Minnesota. Mwaka 2019 vyuo vya kanda yake viliamua kukitoa katika umoja wao kwa kuwa kilikuwa kimewazidi nguvu kupita kiasi, na mwaka 2021 kikaingia Daraja la Kwanza. Hata hapo, mataji siyo yaliyokipandisha. Kiliomba, kikakubaliwa, na kikajifunga kubeba gharama na masharti mapya. Ikiwa bingwa anaweza kubaki miaka nenda rudi, na mwingine akaondoka kwa barua ya maombi, basi nafasi ya chuo haitupi hukumu juu ya thamani ya wachezaji wake.

Pili, ile hoja ya pesa, ikitazamwa vizuri, inautetea mchezo wa vyuo vidogo. Katika chuo kikubwa riziki ya mchezaji imefungamana na uchezaji wake. Tangu mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya Juni 2025, vyuo vikubwa vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Sina ugomvi na malipo hayo, kwani vijana wale waliwaingizia wengine mabilioni kwa miaka mingi huku wao wakiambulia ada na chakula. Lakini palipo na mshahara pana ajira, na ajira ina mwajiri.

Kwenye Daraja la Tatu msaada wa masomo hautolewi kwa sababu ya mchezo, kwa hiyo haupotei mchezo ukiachwa. Mwanafunzi wa kemia anayeamka Jumatatu na kuona kwamba maabara inamhitaji zaidi kuliko uwanja anaweza kurudisha jezi, na ada yake ikabaki vilevile. Sasa fikiria timu inayofika Novemba, baridi imeanza kuuma, ikiwa na vijana zaidi ya mia. Kila mmoja wao angeweza kuondoka bila hasara, na hakuondoka. Wanaosema vijana hawa wako pale kwa kukosa mahali pengine wanapaswa kueleza kwa nini wanaendelea kuwapo.

Tatu, hoja ya kiwango. Watetezi wengi wa vyuo vidogo hukimbilia majina. Ali Marpet wa Hobart aliteuliwa wa 61 mwaka 2015 na baadaye akatwaa Super Bowl akiwa na Tampa Bay. London Fletcher wa John Carroll hakuteuliwa na timu yoyote mwaka 1998, lakini alicheza NFL misimu 16 bila kukosa mechi hata moja. Majina hayo ni ya kweli na yanapendeza, ila sitayategemea. Anayeutetea msimu wa chuo kidogo kwa kuhesabu waliofika NFL amekwisha kukubali kipimo cha mpinzani wake. Lipo jibu lililo imara zaidi, nalo lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza: mahali anapocheza mtu mara nyingi hutueleza habari za milango iliyokuwa wazi kwake kuliko habari za kipaji chake. Grambling, chuo cha Weusi huko Louisiana, kilifundishwa na Eddie Robinson tangu 1941 hadi 1997. Zaidi ya wachezaji wake 200 walifika futiboli ya kulipwa. Wengi wao waliingia Grambling wakati vyuo vikuu vikubwa vya Kusini vilikuwa haviwachukui Weusi kabisa. Ingawa Grambling haimo katika Daraja la Tatu, historia yake inavunja ile kanuni kwamba chuo kidogo ni makazi ya wasio na uwezo. Robinson alistaafu na ushindi 408, idadi ambayo hakuna kocha wa chuo aliyekuwa ameifikia.

Sehemu ya pili: ubora wa mchezo hupimwa pia kwa namna unavyochezwa, na hapa ndipo ningependa msomaji atazame kwa karibu msimu mmoja, wa 2003, katika chuo cha St. John's. Kiko Collegeville, Minnesota, ni cha wavulana, kiliasisiwa na watawa wa Kibenedikto mwaka 1857, na wanafunzi wake hawafiki 2,000. Kocha wake, John Gagliardi, alikuwa amefika pale mwaka 1953. Alianza ukocha akiwa na miaka 16, pale kocha wa sekondari yake huko Colorado alipochukuliwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mazoezi yake yalikuwa kinyume cha yote tunayoyaona kwenye filamu. Hapakuwa na filimbi. Hapakuwa na adhabu ya kukimbia. Hakuna aliyemwita kocha, waliita John. Muda haukuzidi dakika 90, na mbu wa Minnesota wakizidi, mazoezi yalikatizwa. Katika zoezi mojawapo la kunyoosha viungo wachezaji walilala chali nyasini, kila mmoja akamgeukia mwenzake na kumwambia kwamba siku ni nzuri. Hakumchuja mtu, hivyo kikosi kilipita wachezaji 150. Na juu ya yote, hakuruhusu wachezaji wake waangushane mazoezini. Muda uliookolewa uliingia katika kurudia mipango ya mchezo hadi kila mtu ajue mpira utakuwa wapi kabla haujafika.

Matokeo yake yanajulikana. Tarehe 8 Novemba 2003, mbele ya watu zaidi ya 13,000, St. John's iliifunga Bethel 29–26. Ulikuwa ushindi wa 409 wa Gagliardi, naye akampita Robinson. Desemba timu ikaingia fainali, Stagg Bowl, huko Salem, Virginia. Wapinzani walikuwa Mount Union, wakiwa na ule mfululizo wa ushindi 55. Miaka mitatu kabla, katika fainali kama hiyo, Mount Union waliishinda St. John's 10–7 kwa teke la sekunde za mwisho. Safari hii matokeo yalikuwa 24–6 kwa St. John's, ambayo ilimaliza msimu na ushindi 14 bila kufungwa. Timu isiyoangushana mazoezini iliishinda timu ambayo hakuna aliyekuwa ameiweza kwa misimu mitatu mizima. Sioni kwa jicho gani msimu huo ungeitwa wa kupoteza muda.

Nne, hatari. Hapa natakiwa kuwa mkweli kuliko penginepo. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha uchunguzi wa ubongo wa wachezaji waliofariki. Kati ya 53 waliokuwa wamefikia kiwango cha chuo, 48 walikutwa na ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa tena na tena. Ni kweli kwamba ubongo ule ulitolewa na familia zilizokuwa na wasiwasi tayari, hivyo hauwakilishi wachezaji wote. Lakini hakuna mtu mwenye dhamira safi anayeweza kuupuuza.

Hata hivyo, hatari hiyo ni ya mchezo mzima, na vyuo vidogo havikuizusha. Tena dawa mojawapo ilianzia huko. Gagliardi alipiga marufuku kuangushana mazoezini miongo mingi kabla wakubwa hawajalisikia wazo hilo. Mwaka 2010 Dartmouth, chuo cha umoja wa Ivy League, iliacha kuangushana mazoezini, na mwaka 2016 vyuo vyote vya umoja huo vikaondoa kugongana kwa nguvu katika mazoezi ya katikati ya msimu. Chuo ambacho kocha wake hafukuzwi kwa kufungwa mechi mbili kina nafasi ya kujaribu jambo ambalo wengine wanaliogopa. Nafasi hiyo ni mojawapo ya faida za udogo, na wanaoudharau huisahau.

Yako mengine ninayoyakubali. Vyuo kadhaa vimeanzisha futiboli kwa matumaini ya kuongeza idadi ya wavulana wanaolipa ada, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia wa 2024 ulionyesha kwamba ongezeko la mwanzo halidumu. Mkuu wa chuo anayeanzisha timu kama njia ya kuokoa bajeti anajidanganya. Nakubali pia kwamba ubingwa umekuwa wa wachache: kati ya 2005 na 2014, Mount Union na Wisconsin–Whitewater walikutana fainali mara tisa. Lakini vyuo zaidi ya 230 hucheza futiboli katika daraja hili, na vingi havianzi Septemba vikiwa na ndoto ya fainali. Wabash na DePauw wa Indiana wameshindana tangu 1890, na tangu 1932 wanagombea kengele ya zamani ya reli. Anayeondoka na kengele ile baada ya mechi tisa mbaya hamalizi msimu akiwa mnyonge. Na anayedhani michezo hii haina watu akumbuke kwamba mwaka 2017 St. John's na St. Thomas walicheza Minneapolis mbele ya watazamaji 37,355.

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe ametafutwa na kocha wa chuo kidogo aliache swali la kama kijana ameshindwa, kwa kuwa halina jibu lenye maana. Yapo maswali yenye majibu. Je, wachezaji huangushana mara ngapi kwa wiki mazoezini? Nani huamua kwamba aliyegongwa kichwa amepona, kocha au daktari? Je, ratiba ya maabara huheshimiwa? Wangapi kati ya walioingia mwaka wa kwanza humaliza shahada? Chuo kikijibu vizuri, kijana atapata mechi kumi kwa mwaka pamoja na wenzake waliochagua kuwapo, huku masomo yake yakiendelea wiki yoyote atakayoamua kuacha. Uhuru huo mchezaji wa chuo kikubwa hana, hata akilipwa, na ndio unaoupa msimu wa chuo kidogo thamani yake.